Marhamu ya Bombo na Kiambishi "Hu-"

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Nasi walimu wa lugha, tuzoeao kuwasahihisha wengine, makosa yetu hutupita.

Likizo moja hapa Kampala mtoto wetu alitokwa na vipele mikononi. Tukaenda soko la Owino, kwa bibi mmoja auzaye mitishamba, tukanunua majani ya bombo. Mmea huu hutambaa kama mmumunye, na Waganda huutia katika kyogero, yaani maji ya mitishamba ya kuogeshea watoto wachanga.

Tuliyatwanga majani mabichi, tukayakamua, maji yake tukayachanganya na mafuta ya alizeti. Siku ya saba kopo likaota ukungu. Mwalimu mwenzetu wa sayansi alicheka, kisha akatufundisha kwamba penye maji ukungu hupata makao. Basi tukayakausha majani kivulini, tukayaloweka katika mafuta juu ya maji ya moto kwa saa mbili, tukachuja, tukayeyushia nta ya nyuki, sehemu moja kwa tano za mafuta. Ikapatikana marhamu laini. Tulijipaka wenyewe kwanza, kisha tukampaka mtoto. Vipele vikapungua.

Majirani wakaitaka. Nasi tukaandika kwenye makopo: "Dawa ya Bombo. Hutibu magonjwa ya ngozi." Kopo moja tukampelekea yule bibi, naye akatuomba tumsomee.

"Mwalimu," akauliza, "mmekwisha kuwatibu wangapi?"

"Mmoja, Jjajja."

"Na huyo asingalipona mwenyewe?"

Tukanyamaza.

Neno "dawa" ni pana: twasema dawa ya meno na dawa ya viatu, wala hatumdanganyi mtu. Kosa letu lilikuwa katika kiambishi. "Hu-" hudai kwamba jambo hutokea kila mara. Kule Wandegeya, maabara ya serikali iliyoanza mwaka 1964, na ambayo leo ni taasisi, huichunguza mitishamba ili madai ya namna hiyo yapate ushahidi. Sisi tulijitwalia "hu-" kwa ushahidi wa mtoto mmoja, na aliyetusahihisha sarufi ni bibi asiyejua kusoma.

Tulibandua karatasi zile, tukaandika: "Mafuta ya bombo. Vipele vya mtoto mmoja vilipungua alipopakwa. Jaribu kwanza mkononi." Majirani watatu waliyarudisha makopo yao. Wa nne alilifungua lake, akajipaka kidogo mkononi, akasema atatupa habari baada ya siku mbili.