Kadi ya Giga Mbili

Kamera ninayoitumia kwenye utafiti wangu wa uzamili ni Canon PowerShot A520 ya mwaka 2005. Ina megapikseli nne na inakula betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Ilikuwa ya baba. Simu yangu inapiga picha nzuri kuliko hiyo, na msimamizi wangu wa tasnifu aliponiona naitoa mkobani aliuliza kama naibeba kwa ajili ya mapenzi. Mapenzi yapo, lakini sababu hasa ni wazee wa Old Korogwe.

Nasoma historia. Nakusanya simulizi za watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya huku kwetu, pamoja na watoto wao. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kutoka Florida, na reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe 1902. Mashamba yakahitaji mikono, na mikono ikaletwa kwa mkataba kutoka mbali. Walioletwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mfanyakazi alikuwa na kipande, kadi ya kuwekewa alama kila siku aliyofanya kazi, na mwezi wake haukuhesabiwa kuwa umeisha mpaka alama thelathini zitimie. Ukiwa umezaliwa kwenye nyumba ya mtu wa namna hiyo, unajifunza mapema kuuliza karatasi inakwenda wapi baada ya wewe kuandikwa.

Ndiyo maana simu ilinikwamisha. Wazee walikubali kurekodiwa sauti, wakakubali fomu ya ridhaa niliyowasomea mstari kwa mstari, lakini nikiinyanyua simu tu mkono ulifunika uso. Mzee mmoja alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote cha maadili ya utafiti: "Mjukuu wangu, hiyo simu ikinipiga sasa hivi, jioni niko Dar es Salaam na huku mwenyewe nimekaa hapa barazani." Alikuwa amemwona jirani yake mgonjwa, kitandani, kwenye status ya mtu ambaye hata hakuja kumjulia hali.

Nilirudi kesho yake na kamera ya baba. Aliishika, akaigeuza, akaikagua chini penye mfuniko wa betri.

"Hii haina laini?"

"Haina, babu."

"Haina bando?"

"Haina."

"Basi piga."

Sikupiga, kwa sababu kadi ilikuwa imejaa. Ndani mlikuwa na kadi ya megabaiti 256, na picha 117 alizoacha baba. Kamera ilitaka nifute ndipo nipige. Nikaizima, nikamwomba mzee siku chache.

Nikaanza kutafuta kadi, jambo nililodhani lingechukua dakika kumi. Kijana wa duka moja la vifaa vya simu mjini alinicheka kwa upole. "Dada, giga mbili? Siku hizi hata mtoto hachukui." Ndogo kabisa aliyokuwa nayo ilikuwa ya GB 32. Tukaichomeka pale pale kaunta, kamera ikaandika kwamba kadi ina hitilafu. Tukachomeka nyingine, ikawa yale yale. Akapendekeza aigawe kwenye kompyuta, akate kipande cha GB 2 tu, ili kamera idhani imepewa kadi ndogo. Aligawa, akafomati, tukarudi palepale.

Kadi zile hazikuwa mbovu. Kadi za SD zina koo kadhaa zenye sura moja. Ukoo wa kwanza ulitangazwa 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, nao kwa kawaida unaishia GB 2. Wa pili, SDHC, ulikuja 2006, unaanzia juu ya hapo hadi GB 32. Wa tatu, SDXC, wa 2009, unaanzia juu ya GB 32. Zote zina upana ule ule na zinaingia kwenye tundu lile lile, ndiyo maana mtu anadanganyika. Kifaa kipya kinasoma kadi ya zamani bila shida, lakini kilichotengenezwa kabla ya ukoo wa pili hakiwezi kusoma kadi ya ukoo huo.

Tofauti iko kwenye namna ya kuitana. Kamera ya zamani huiomba kadi kitu kwa namba ya baiti: nipe kilichoko baiti namba kadhaa. Kadi ya SDHC imezoea kuombwa kwa vitalu, kila kimoja baiti 512. Namba ileile inaelekeza mahali pengine kabisa, na kabla hata ya kufika huko, vifaa hivyo viwili vinashindwa kusalimiana. Kukata kipande cha GB 2 hakusaidii chochote, kwa sababu lugha ya kadi haibadiliki kwa kupunguzwa. Kwa hiyo kama nawe una kamera ya zama zile, usitazame ukubwa peke yake. Tazama nembo: ikiwa imeandikwa SD bila HC wala XC, ndiyo yenyewe. Namba kubwa za kasi zinazoandikwa kwenye kadi za leo zipuuze, kwani kamera ya megapikseli nne haina haraka hiyo. Na kadi yoyote uliyoiokota sokoni ijaze mpaka mwisho, kisha fungua mafaili moja moja, maana zipo zinazojitangaza kwa ukubwa zisiokuwa nao, na utalijua hilo siku picha zitakapogoma kufunguka.

Kadi yangu sikuipata dukani. Ilikuwa kwenye kabati la mama, ndani ya kitochi chake kilichokufa: memori ndogo ya simu, GB 2, ya ukoo wa kwanza, imejaa taarabu. Memori ndogo ikiingizwa kwenye adapta inakuwa SD kamili, na kamera haijui tofauti. Mama alitoa ruhusa kwa sharti kwamba nyimbo zake zihamishwe zote kwanza, na akazihesabu baadaye kuona kama nimemwibia.

Kabla ya kuchomeka hiyo, niliitoa kadi ya baba, nikasukuma kile kikufuli chake kidogo cha pembeni ili isiweze kuandikwa wala kufutwa, nikanakili kila kitu mara mbili: kwenye laptopu na kwenye flashi inayokaa kwa mama. Ndipo nikakaa kuzitazama.

Baba alikuwa akipiga harusi, kipaimara, maulidi, na picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu lililotundikwa uani. Nilitarajia kuiona mitaa yote ya Old Korogwe. Harusi zilikuwa mbili tu. Nikajaribu kuzipanga kwa tarehe, ikashindikana. Betri ndogo ya kutunza saa ilikuwa imekufa, na picha nyingi zimezaliwa siku moja, ya kwanza Januari. Kilichobaki ni namba za mafaili, na namba hizo zina mapengo. Baada ya IMG_1180 inakuja IMG_1243. Kisha kumi zinafuatana, kisha pengo la mia mbili. Kadi ya megabaiti 256 haikumpa nafasi ya kutunza kila kitu. Akishasafisha picha za mteja na kulipwa, alifuta ili kazi ya Jumamosi inayofuata ipate pa kukaa.

Kilichonishangaza ni alichokataa kufuta. Picha kumi na nne ni za nyumba yetu ikijengwa. Msingi. Tofali za kozi ya tatu, na mdogo wangu amesimama juu yake. Madirisha bila fremu. Lenta. Kenchi. Mabati upande mmoja. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anafuta maharusi wa watu na kuacha ukuta. Nilimwonyesha mama kwenye laptopu. Akaangalia ile ya lenta muda mrefu, akasema, "Hiyo saruji tulikopa. Aliipiga ili fundi asije akabisha siku ya hesabu." Halafu akaniomba nirudi nyuma, kwenye ya msingi.

Picha ya mwisho ya baba ni IMG_2306, bado ni mabati. Nilipochomeka kadi ya taarabu, kamera haikuanza kuhesabu upya. Picha yangu ya kwanza, mikono ya yule mzee juu ya magoti, ikajiandika IMG_2307.

Sasa nina nafasi ya picha karibu elfu moja, na sijawahi kukaribia kuijaza. Wiki iliyopita nilikuwa kwa bibi mmoja ambaye baba yake aliletwa kwa mkataba, akafia hapahapa bila kurudi kwao. Alinipa ruhusa ya kumpiga akiwa na kanga aliyoichagua mwenyewe. Nilipiga nne. Akavaa miwani, akataka kuziona, moja baada ya nyingine, kwenye kile kioo kidogo.

"Hii ibaki," akasema. "Hizo nyingine ondoa. Nikiona."

Nikafuta tatu mbele yake, nikambonyezea kitufe aone kwamba hazipo. Msimamizi wangu angependa ziwepo zote nne. Kwenye daftari la utafiti, mahali pa namba, nimeandika hivi: IMG_2351 hadi 2353, zimefutwa kwa agizo la mwenye picha, mbele yake, saa kumi jioni.