Nyuma ya Kiitikio

Mtoto asiyesema hafichiki nyumbani. Mama anajua, bibi anajua, hata jirani anayekaanga mahamri kibarazani anajua. Shuleni anaweza kumaliza mwaka asigundulike. Nililiona hilo nilipoanza kuzungukia madarasa ya chekechea ya umma katika kaunti ya Kilifi, na sababu yake haikuhitaji uchunguzi mrefu: madarasa yetu hujibu kwa pamoja. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" "Hiki ni ki...?" "Tiii!" Darasa la watoto hamsini likiitikia, midomo arobaini na tisa inatosha. Wa hamsini anapanua kinywa tu, na mwalimu aliye mbele ya ubao hana namna ya kumjua.

Nilisomea Makerere, ambako shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza mwaka 2008, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Huko nilifundishwa kazi ya chumbani: meza ndogo, kioo, kadi za picha, mtoto mmoja, mlango uliofungwa. Nikarudi Pwani na kuanzia hospitalini. Mama angekuja mara moja, akasikiliza kwa adabu, asionekane tena. Nauli ya kutoka ndani ndani huko mpaka mjini ni chakula cha siku, na aliyebaki na mdogo mgongoni hawezi kuja kila wiki kutazama kadi za picha. Basi nikaomba niwafuate watoto shuleni.

Hata huko nilianza kwa kutafuta chumba. Nilipewa stoo ya mahindi na maharagwe, nikamtoa mtoto darasani, nikafanya naye kazi katikati ya magunia. Alitaja mpira, paka, kikombe, vyote bila shida. Aliporudi kwa wenzake akanyamaza kama kawaida. Nao wenzake walikuwa wameshaelewa kwamba yuko wa kutolewa na yuko wa kubaki, na watoto wa miaka minne hawachelewi kumpa mtu jina la utani. Nikaifunga stoo, nikaingia darasani na kuketi sakafuni.

Walimu hawakufurahi, na siwalaumu. Tangu Katiba ya 2010 chekechea ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na wengi wao niliowakuta walikuwa wa mikataba. Mgeni mwenye kalamu na daftari si habari njema kwa mtu wa mkataba. Mwalimu mmoja wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, alipanga viti upya kila nilipotokea, na alifundisha huku akinitupia jicho. Siku niliyomwomba kushika kitabu cha hadithi nimsomee darasa naye apumue, ndipo aliponiuliza, "Kumbe daktari, hukuja kunikagua?"

Nilichojifunza kwake kilizidi nilichomfundisha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuuhukumu ule uitikiaji wa pamoja kuwa adui. Yeye aliniambia bila ya kupepesa macho kwamba ukiuondoa, darasa la watoto wengi hivyo litamshinda kabla ya saa nne. Tukaubakiza, ila tukaugawa. "Tunanawa miko...?" waitikie wote. Mara ya pili, safu ya dirishani. Mara ya tatu, watoto watatu. Kisha mmoja, ambaye kufikia hapo ameshalisikia jibu mara tatu na limebaki silabi moja tu kulikamilisha. Kwa mtoto ambaye maneno hayamjii, mwalimu aliyeacha mwisho wa neno wazi amemwekea mlango nusu. Vitabu vya fani yangu vina mbinu iyo hiyo, kwa jina la kitaalamu. Mwalimu huyu aliirithi kwa waliomfundisha yeye.

Kigumu kilikuwa kungoja. Mtoto wa aina hii anahitaji muda wa kulitafuta neno, na wenzake wana jibu ulimini linawawasha. Tukabuni mchezo wa kulishika jibu ngumini: anayejua afumbe mkono, asiufungue mpaka aambiwe. Mwalimu naye alitakiwa kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Aliniambia kumi ile ni ndefu kuliko kipindi kizima, na kweli ukiwa mbele ya darasa ni ndefu.

Saa niliyoipenda ni ya uji. Hakuna somo linalompa mtoto sababu ya kusema kama kikombe kilicho mbele ya sufuria. Nilipatana na mpishi ampe kila mtoto kikombe kitupu kwanza, amtazame, asimimine. Wengi walicheka na kupiga kelele, "Uji!" Mvulana mmoja ambaye sikuwahi kumsikia alinyoosha kikombe, akavuta kanzu ya mpishi, na alipoona havijasaidia akasema, "Ji." Mpishi akammiminia papo hapo huku akimjibu, "Uji. Uji wa moto." Hakumwambia arudie, hakumsahihisha, alimrudishia neno likiwa zima na kuongeza moja. Kesho yake akapata "uji" kamili, na wiki za mbele "uji moto". Ningetaka wazazi wote wamwone yule mpishi kazini.

Hadithi nazo zina faida yake. "Paukwa!" "Pakawa!" Mtoto mwenye kigugumizi hulisema neno lile kwa wepesi akiwa na wenzake, kwa kuwa kusema kwa pamoja humpunguzia mkwamo. Kwa hiyo kiitikio kinachomficha mmoja kinampumzisha mwingine, na mtu asiyekaa darasani hawezi kuwatofautisha.

Kazi nyingine yangu ilikuwa kuwaondoa watoto kwenye orodha. Nililetewa anayesema "madzi", ambaye nyumbani kwao ni Wagiriama na hilo ndilo neno la maji. Nililetewa anayesema "lafiki", na nilipomsikiliza babake nikasikia vivyo hivyo. Nililetewa anayesema "mekula". Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba kuangusha viambishi vya mwanzo wa kitenzi ni njia ya kawaida ya wadogo. Vipimo nilivyopewa chuoni vilitungwa kwa watoto wa Kiingereza, na havikunisaidia kitu hapo. Ilibidi nimlinganishe mtoto na walioketi naye mkekani. Hiyo pekee ingetosha kunifanya niache stoo.

Aidha nilijifunza kutazama masikio kabla ya ulimi. Bibi mmoja alinijia na mjukuu, akanishika mkono, "Mwanangu, huyu ulimi wake umefungwa. Kateni tu, aseme." Ulimi ulikuwa huru. Sikio la kulia lilikuwa likitoa usaha, na la kushoto liliwahi kutoa. "Bibi," nikamwambia, "huyu hasemi kwa sababu hasikii vizuri. Tuanzie hospitali." Hakuridhika. Ila alikwenda, na mwalimu akamhamishia mtoto mbele, upande ambao sikio bora lingeelekea kwake.

Sikubaliani na wenzangu wanaosema kila kitu kifanyike darasani. Paa la mabati mvua ikinyesha halikuachii sauti ya s na ya sh kuzitofautisha. Mwenye kithembe nilikaa naye nje chini ya mwarobaini kwa dakika chache, tukarudi. Na mzazi anayemwambia mwenye kigugumizi "sema haraka" nilizungumza naye faragha, kwa kuwa aibu yake ingemrudia mtoto.

Ugomvi wangu wa kudumu ni na fomu. Ofisi inayonipa nauli inataka idadi ya watoto waliotibiwa kila mwezi, na safu ni hiyo moja. Mpishi wa uji hana safu. Darasa lililojifunza kufumba ngumi halina safu. Afisa mmoja mpole alinishauri niandike watoto wote wa darasa, hesabu ipendeze. Nikakataa, kwa sababu wengi wao hawana wanachougua. Naandika wachache ninaowafuatilia, halafu nageuza karatasi na kujaza upande wa nyuma: mwalimu yupi sasa anangoja hadi kumi, safu ipi bado inamjibia mwenzao, nani apelekwe masikio yapimwe kabla shule hazijafungwa.