Kitenzi cha Wosia

Jina halisumbui sana. Neno la sheria ukilikosa, kamusi itakupa: wosia, rufaa, dhamana, kiapo. Kazi ni kulitafutia kitenzi chake, kwani kila lugha ina ndoa zake na mgeni haulizwi ridhaa. Sisi rufaa tunaikata, ilhali neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko shina lake ni kuinua. Kiapo tunakila. Waingereza nao kosa la jinai hawalitendi kwa vitenzi vyao vya kila siku, 'do' na 'make'. Wana 'commit', kile kile cha mtu ajifungaye kwa ahadi. Hati ya kuitwa shaurini humfikishia mtu kwa 'serve', na mfungwa naye miaka yake huimaliza kwa 'serve' hiyo hiyo, ambayo mezani ni kupakua chakula. Nadhani huko ndiko tulikotoa 'kutumikia kifungo', nami kila nikiandika hivyo naona kifungo kimefanywa bwana.

Sikusomea sheria wala tafsiri. Nilichonacho nilikichuma katika mashairi, ambamo kitenzi kikizidi mizani mtu hutafuta kingine kilicho karibu nacho, na msikilizaji akasamehe. Sheria haisamehi.

Miaka kadhaa nyuma, bibi mmoja jirani yangu aliniletea barua ya wakili wa Uingereza. Kaka yake alifia huko, akaacha nyumba na wosia. Barua ilisema kwamba wosia huo haukuwa 'executed'. Kijana aliyemsomea mara ya kwanza alimwambia kuwa haukutekelezwa, na kamusi nyingi zingemuunga mkono. Basi mjane wa marehemu akawa ndiye mdhulumu, kaukalia wosia wa mumewe. Simu zikakatika, hitima ikasomwa bila ya hata salamu zake.

"Maalim, nisomee wewe. Nataka kujua wifi yangu kafanya nini."

"Hakufanya kitu, bi mkubwa."

Kitenzi kile kikikutana na amri ya mahakama, ni kuitekeleza. Kikikutana na mtu aliyehukumiwa kifo, ni kumuua. Lakini kikikutana na wosia, aghalabu ni kuutia saini kwa utaratibu unaoupa nguvu, na Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 inataka mashahidi wawili au zaidi wawepo pamoja saini inapotiwa au kukiriwa. Atakayeutekeleza baada ya mauti naye wamempa jina la shina lilo hilo, 'executor', na hapo ndipo wengi hujikwaa. Marehemu alikuwa na shahidi mmoja tu. Barua ilisema hivyo, sentensi tatu mbele ya pale kijana alipokomea.

Tafsiri yake ilinichukua jioni nzima. 'Haukukamilishwa' ilikuwa baridi mno, haisemi umepungukiwa na nini. Nilitamani kuandika kuwa wosia 'haukufungwa', kwa kuwa ndoa nayo haifungwi bila ya mashahidi wawili. Ila kwetu wosia uliofungwa ni ule uliomo ndani ya bahasha. Mwisho niliandika 'haukutiwa saini mbele ya mashahidi wawili kama sheria itakavyo', maneno tisa kwa kitenzi kimoja.

Yule bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nimuandikie nambari ya simu ya wifi yake, kwa tarakimu kubwa.