Tulipokwenda Kuiona Bahari



Kwetu Singida mtu akifunga mzigo na kupanda basi pamoja na mkewe, majirani huuliza neno moja tu: "Nani amefariki?" Maana safari tuzijuazo ni za msiba, za hospitali, za arusi, na za kupeleka watoto shule. Kusafiri ili kupumzika tu, kula, kulala na kutazama, hilo twadhani ni jambo la Wazungu. Basi mwezi wa Juni 2025 sisi wawili tulipanda basi wala hakuna aliyekuwa amefariki, nami nataka kuwasimulia jinsi tulivyoipanga safari hiyo, mahali tulipofanya vema na mahali nilipofanya upumbavu.

Mimi ni karani wa parokia. Nalisoma chuo cha ualimu, lakini kalamu yangu imeishia katika madaftari ya ubatizo na ya ndoa, wala sinung'uniki. Nilipokuwa chuoni nalipata bahati ya kufika Dar es Salaam na kuiona bahari. Tulipofunga ndoa mwaka 2014 nikamwahidi mke wangu kwamba naye ataiona. Miaka 11 ikapita. Kila likizo ilikuwa na kazi yake: shamba, matanga, kuezeka nyumba ya mama. Mke wangu hakunidai hata siku moja, na kutodai kwake kulinilemea kuliko kudai.

Mwaka huo vitunguu vilitupa bei njema. Tukaweka kwanza ada ya watoto, kisha mbegu ya alizeti na mbolea, na kilichobaki tukakitia katika kopo la maziwa: shilingi 850,000. Kaka yangu mkubwa alipopata habari alikuja mwenyewe jioni. "Mdogo wangu," akasema, "fedha hiyo ni bati ishirini na zaidi." Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Nikamjibu kwamba bati zitakuwapo hata mwakani. Akaondoka bila kunywa chai.

Mpwa wangu aliye mjini yeye alinicheka kwa upande mwingine. Alinionyesha katika simu yake picha za Uturuki, akaniambia kwamba wenye fedha siku hizi huenda Istanbul, na ndege za Waturuki hushuka hata Zanzibar. Nikamwambia kwamba sisi yatutosha reli yao. Maana ile reli mpya ya kutoka Dar es Salaam ilijengwa na kampuni ya Kituruki mpaka Makutupora, katika wilaya yetu ya Manyoni. Wakati ule abiria walipandia Dodoma, nasi tukaamua hivyo: basi mpaka Dodoma, gari la moshi mpaka Dar es Salaam, halafu boti mpaka Unguja. (Nasema gari la moshi kwa mazoea tu, lile lenda kwa umeme, moshi halina.)

Basi nikachukua daftari nikaandika safari kama mwalimu aandikavyo andalio la somo. Usiku wa kwanza Mjini, wa pili Nungwi, wa tatu na wa nne Kizimkazi kuona pomboo, wa tano Paje. Nikamsomea mke wangu kwa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mchicha, kisha akauliza: "Baba, twaenda kupumzika au twahama?"

Lo! Kalamu ilinianguka. Tulikaa tukahesabu. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilometa 85 hivi. Ukikitazama katika ramani waona ni kidogo. Lakini kila ukihama kituo unafunga mzigo, unangoja daladala, unalipa nauli, unafika kumbe chumba hakijasafishwa, na nusu ya siku imekwisha. Kwa siku tano vituo viwili vyatosha kabisa: kimoja cha bahari, kimoja cha mji. Tukachagua Paje kwa bahari, kwa sababu vyumba vya bei nafuu vyapatikana, na Mji Mkongwe kwa mambo mengine. Tena tukaamua kuanza na Paje, maana mtu aliyetoka safari ndefu afadhali apumzike kwanza, ndipo aingie katika vichochoro akiwa na macho mazima.

Majira nayo yana maneno yake. Kuanzia Machi mpaka Mei kule ni masika. Vyumba hushuka bei lakini mvua haina simile. Julai na Agosti wageni wa Ulaya hujaa, na bei hupanda. Mwisho wa Juni ni katikati, na kwetu sisi mavuno ya vitunguu yamekwisha kuuzwa. Tazama pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwezi huo mikahawa mingi hufungwa mchana, wala si adabu kula mbele ya wenyeji waliofunga.

Sasa nije kwenye upumbavu wangu. Katika simu niliona picha za nyumba ya wageni ya Paje, nzuri mno, na mtu mmoja akanijibu kwa maneno matamu. Akasema chumba kitachukuliwa nisipotuma shilingi 80,000 siku ile ile. Nikatuma. Siku tatu kabla ya safari nikapiga simu: haipatikani. Nikapiga asubuhi, mchana, usiku. Ndipo nilipoelewa. Nilitafuta nyumba nyingine ndogo, nikazungumza na mwenyewe, akaniambia nilipe nikifika. Hivyo ndivyo ningefanya tangu mwanzo. Lakini mke wangu sikumwambia. Nikajisemea kwamba nitabana matumizi njiani na pengo litajiziba lenyewe.

Tulitoka Singida alfajiri. Reli ile ilipoanza mwaka 2024 nauli ya kawaida ya Dodoma mpaka Dar es Salaam ilipangwa kuwa shilingi 31,000, na mwendo wa treni ya haraka ni kama saa tatu na nusu. Milima na mashimo ya reli chini ya ardhi yalipita kabla hatujamaliza kuyashangaa. Tukalala kwa binamu, na asubuhi tukashuka bandarini. Chukueni vitambulisho vya taifa, ndugu zangu, maana vinatakiwa, na kwa hivyo mwapata bei ya mwananchi, ambayo ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Boti ya haraka yachukua saa mbili hivi. Juu ya boti mke wangu alishika mkono wangu mbele za watu, jambo asilofanya kwetu, lakini nadhani ni mawimbi.

Tulifika Paje giza limeingia. Alisikia bahari wala hakuiona. Asubuhi akatoka kabla yangu, nikasikia akiita: "Baba! Njoo! Bahari imekwenda wapi?"

Nikatoka. Kweli haikuwapo. Mbele yetu ulikuwa mchanga mweupe na madimbwi, na mbali sana mstari mweupe wa povu. Upande ule wa mashariki maji yakipwa hukimbia mbali mno, hasa siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu tofauti si kubwa namna hiyo. Atakaye kuoga wakati wowote afadhali aende Nungwi, kaskazini, ambako maji hayaondoki sana. Sisi hatukujua. Mimi nilisimama kama mwalimu aliyesahau chaki, nikimtazama mwanamke niliyemwahidi bahari kwa miaka 11.

Yeye akacheka. "Ni kama Ziwa Singida wakati wa kiangazi," akasema, akavua viatu akaenda zake. Kule mbali wanawake walikuwa wameinama katika maji ya magotini wakifunga mwani kwenye kamba. Kilimo hicho cha kuuza ng'ambo kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Alikaa nao mpaka maji yalipoanza kurudi. Akarejea nguo zimelowa, anajua bei ya kilo ya mwani, anajua nani alisomesha watoto kwa mwani na nani uliharibikiwa na joto la maji. Jioni bahari ilijaa mpaka karibu na minazi. Akaitazama muda mrefu. "Ziwa letu likiondoka," akasema, "halirudi jioni."

Siku mbili hizo nilikuwa nikibana. Maji ya kunywa tulinunua chupa moja ya watu wawili. Nazi moja, mirija miwili. Mimi nilidhani nafanya kwa akili.

Kisha tukahamia Mjini, katika nyumba ya wageni iliyo ndani ya vichochoro. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mwenye maneno mapole. "Shikamoo, Bi Mkubwa," tukamwamkia. "Marahaba, wanangu, karibuni, hapa ni kwenu."

Sasa habari za usiku. Mji ule mchana ni wa kutazama: Nyumba ya Maajabu iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambayo upande wake uliporomoka Desemba 2020, Ngome Kongwe ya Waarabu wa Omani, kanisa la Minara Miwili la miaka ya 1890, tuliposali Jumapili. Lakini mji wenyewe huamka jua likizama. Watu wote hushuka Forodhani, bustani iliyo ukingoni mwa bahari mbele ya Ngome. Vijana huruka kutoka ukutani kwenda majini kwa mitindo ya kila namna, wenyewe huita makachu, na meza za vyakula huwashwa taa.

Usiku wa kwanza nilimwambia mke wangu: "Ngoja kwanza nikaangalie kama ni mahali panapofaa wanawake." Nilikwenda peke yangu. Pale palijaa wanawake, bibi vikongwe, watoto wa kubebwa. Hata kipofu angejua panafaa. Nikala mishikaki miwili upesi upesi, nikanywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, nikarudi. Nilimkuta ameketi kitandani. Alikuwa amevaa kile kitenge alichoshona kwa ajili ya safari, viatu miguuni, mkoba juu ya magoti.

"Panafaa?" akauliza.

"Panafaa," nikasema.

Akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akalala akitazama ukutani. Katika madaftari yangu ya ndoa hakuna mahali pa kuandika jambo kama lile.

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Kwa watakaokwenda: ulizeni bei kabla chakula hakijawekwa motoni, maana kikishakwiva bei nayo hukwiva. Samaki waliolala mezani jioni nzima waacheni. Tafuteni meza ambayo wenyeji wenyewe wamesimama foleni. Urojo usiukose: mchuzi mzito wa ukwaju na embe, ndani yake bajia, viazi na mishikaki, bakuli moja lashibisha. Vaeni nguo za heshima, na mkirudi piteni njia yenye watu. Ziko pia sehemu za pombe na ngoma za kizungu mpaka usiku wa manane, lakini hatukuzipitia, wala siwezi kuwahadithia.

Tulikaa ukutani na bakuli zetu. Nikaona nikinyamaza tena sitasema kamwe. Nikamwambia habari ya shilingi 80,000, yote, na yule mtu, na simu isiyopatikana.

Alimaliza kwanza kijiko chake. "Nalijua tangu Dodoma," akasema. "Ulikataa kununua hata ndizi."

"Mbona hukusema?"

"Nalingoja uniambie. Kwa fedha nisingekasirika, Baba. Vitunguu tulipalilia wote." Kisha akanyosha mkono. "Lete hilo pochi."

Tangu saa ile fedha alishika yeye. Tukahesabu palepale chini ya taa: zimebaki za kutosha, tukiacha kwenda kuona pomboo. Hatukuwaona. Akanunua juisi mbili, kila mtu na bilauri yake.

Jioni ya mwisho Bi Mkubwa akaja mlangoni. Palikuwa na arusi ya jamaa yake, na usiku taarabu itapigwa. Unguja na taarabu ni kama sisi na alizeti. Siti binti Saad wa huko alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 akarekodi nyimbo kwa Kiswahili, na kikundi cha Ikhwan Safaa kimekuwapo tangu mwaka 1905. Mimi nikainuka kutafuta shati.

"Wewe mwanangu utatuwia radhi," akasema Bi Mkubwa. "Ni taarabu ya wanawake."

Akamfunga mke wangu mtandio wa hariri, akamtia udi katika nguo, wakaondoka wakicheka kichochoroni kama waliozaliwa mtaa mmoja. Nikabaki. Nilisoma gazeti la zamani mara mbili. Saa nne ikapita, saa tano. Mara kwa mara upepo ulileta fidla na sauti za wanawake wakiitikia pamoja, kisha ukazichukua tena. Nikavaa viatu ili nikaangalie kama wako salama. Nikafika mlangoni, nikarudi nikaketi kitandani.

Walirudi saa sita na nusu. Mke wangu aliingia ananukia udi, sauti imemkauka. Alikuwa amekwenda mpaka mbele, kwa mwendo wa madaha kama wenzake, akamtunza mwimbaji shilingi 5,000 za vitunguu vyetu. Akasimama akanitazama nilivyoketi, nguo zote mwilini, viatu miguuni.

"Baba," akasema, "mbona hujalala?"