Mwenye Nguvu Mpishe

Waswahili husema: mwenye nguvu mpishe. Wengi huichukua methali hiyo kuwa ni shauri la mnyonge, kwamba mbabe akitokea njiani, mwenye akili ajitenge. Lakini huko Japani alikuwako mtu aliyeufanya mwendo huo wa kupisha kuwa elimu kamili ya mapigano, naye hakuwa mnyonge wala mwoga. Jina lake ni Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido.

Ueshiba alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Tanabe. Alikuwa askari wa miguu katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905, na baadaye akafunzwa mbinu za kukamatana na mwalimu mkali, Sokaku Takeda. Basi hakuhubiri upole kwa sababu hakujua kuumiza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1925 ofisa mmoja wa jeshi la majini alimshambulia kwa upanga wa mti. Ueshiba hakurudisha hata pigo moja, alikwepa tu, mpaka ofisa yule akaishiwa nguvu na kuketi. Kuanzia mwaka 1942 elimu yake ikajulikana kwa jina la aikido, yaani njia ya kupatana na nguvu ya uhai.

Utendaji wake ni huu. Mtu akishikwa mkono kwa nguvu, desturi ya mwili ni kuvuta, na hapo aliye na misuli mingi hushinda. Mwana-aikido havuti. Hugeuza mguu na kiuno, akaliacha shambulio lipite, na mshambuliaji hupepesuka mfano wa mtu aliyeusukuma mlango kwa bega, kumbe haukufungwa. Ndipo kifundo cha mkono au kiwiko chake hushikwa, akalazwa chini kifudifudi. Nguvu iliyomwangusha ni ileile aliyokuja nayo.

Hata hivyo, nusu ya mazoezi ni kuangushwa. Wanafunzi wawili hupokezana: huyu hushambulia na kuanguka, kisha yule naye huanguka. Kila mmoja humkopesha mwenziwe mwili wake. Kiungo kikipindwa kupita kiasi huvunjika, kwa hiyo aliyekamatwa akipiga mkeka kwa kiganja, mwenziwe humwachia mara moja. Katika mkondo mkuu wa aikido hakuna mashindano wala vikombe. Huruma humo haifundishwi kwa maneno. Mkono huizoea kwa kurudia kuachia siku baada ya siku.

Jambo hili halikupuuzwa na walinzi wa usalama. Gozo Shioda, mwanafunzi wa Ueshiba aliyekuwa na umbo dogo, alianzisha chuo cha Yoshinkan mwaka 1955, na askari wa kutuliza ghasia wa Tokyo wamepelekwa huko kupata mafunzo makali. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kazi ya polisi si kumwadhibu mtuhumiwa barabarani, bali kumfikisha mbele ya hakimu akiwa hai na mzima.

Aikido si uganga. Haizuii risasi, na huhitaji miaka mingi ya jasho. Wako pia wapiganaji wanaolalamika kwamba mshirika wa mazoezini huanguka kwa urahisi mno, na lawama hiyo ina uzito. Anayedhani atayamudu mapambano halisi kwa mafunzo ya miezi miwili anajidanganya.

Lakini kuna funzo moja lisilongoja ugomvi wa barabarani. Askari hurudi nyumbani jioni, mwili wake ungali katika zamu. Mke akisema neno zito, au mtoto akijibu kwa ukali, mkono uliozoezwa kushinda hutaka kushinda hata hapo. Katika aikido, aliyegeuka vizuri hujikuta amesimama ubavuni mwa mshambuliaji, wote wawili wakitazama upande mmoja. Kwa mara ya kwanza huona kile ambacho mwenziwe alikuwa akikiona: labda unga uliokwisha, labda karo ya shule, labda upweke wa siku nyingi za zamu.

Adui hulazwa chini. Jamaa wa nyumbani hupishwa, akasikilizwa, akasimamiwa ubavuni. Askari anayezijua tofauti hizo mbili ameiva kweli.