Kichwa cha Nyundo

Shoka langu la kwanza lilivunjikia mikononi mwa mama. Alikuwa anapasua kuni nyuma ya jiko, mpwa wangu wa miaka minne amechutama karibu akiokota vibanzi, na kwenye pigo la tatu au la nne kipande cha makali, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kikachomoka, kikapita kando ya mtoto na kugonga mabati. Jioni mama alinipigia simu. Hakulalamika. Alisema tu, "Hicho kishoka chako kimetoka jino."

Nilikuwa nimekifua mwenyewe, Kamukunji, na nilikuwa nimejisifu sana.

Mambo yalianza na video. Kwa miezi nilikuwa nikitazama Wamarekani wakifua tomahoki, vile vishoka vyepesi vya wenyeji wa Amerika Kaskazini. Vichwa vya chuma vililetwa huko na wafanyabiashara wa Ulaya. Mhunzi alikikunja kipande kirefu cha chuma ili kuacha tundu la mpini, akaziunganisha ncha zake kwa moto na nyundo, na katikati akapachika chuma cha pua cha kushika makali. Nilichopenda zaidi ni mpini wake. Unaingizwa kutoka juu, kama wa jembe, kwa hivyo kadiri unavyolizungusha ndivyo kichwa kinavyokaza. Shoka la babu yangu lilikuwa kinyume: mkia wa chuma umepenya kwenye kichwa kinene cha mti, na kila pigo linausukuma ndani zaidi. Kule mti unaingia kwenye chuma, huku chuma kinaingia kwenye mti. Nilitaka kutengeneza la kule.

Nilimweleza fundi mmoja, mzee ambaye fuawe yake ni kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo. Akacheka. "Kukunja na kuunganisha kwa moto, hiyo utafanya mwaka ujao. Sasa hivi nitafutie nyundo kuukuu ya mekanika, ile yenye duara upande mmoja." Tundu tayari lipo, alisema. Upande bapa unafuliwa kuwa makali, lile duara linabaki kisogo.

Jumamosi mbili za kwanza sikufua kitu. Nilizungusha feni ya makaa na kushika koleo, na niligundua kwamba kushika koleo vizuri ni nusu ya kazi; chuma chekundu kikiruka hakichagui mguu. Halafu akaniachia nyundo. Chuma kikiwa rangi ya chungwa kinakubali, kinatandazika kama unga uliokandwa. Kikirudi wekundu wa giza, nyundo inarudishwa na mkono unauma hadi begani. Mimi nilikuwa natazama rangi. Mzee alikuwa amenipa mgongo, ananoa tindo la mtu mwingine, katika kelele zote zile za Kamukunji, na bado alijua. "Kimepoa hicho. Rudisha." Alikuwa anasikia. Hilo hakuna video iliyowahi kuniambia.

Tundu lilijifinya mara mbili, nikalipanua kwa kipande cha nondo. Makali yakapinda, nikayanyoosha. Hatimaye tukafika kwenye kukifanya kigumu: unakipasha moto mpaka sumaku isikishike tena, kisha unakizamisha kwenye oili chafu ya injini. Moshi, mlio, halafu kimya. Nikapitisha tupa, ikateleza kama juu ya kioo. Nilishangilia kweli.

"Bado," mzee akasema. "Kisugue king'ae, halafu ukirudishie moto kidogo, kutoka kisogoni. Utaona rangi zinatembea. Njano, hudhurungi, zambarau. Zambarau ikifika kwenye makali, toa." Akaenda kutafuta makaa.

Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kwenda nyumbani. Matatu zilikuwa zinajaa, mvua ilikuwa inakuja, na mbele yangu palikuwa na shoka gumu kuliko nilivyotarajia. Mbona nilegeze kitu nilichohangaika kukifanya kigumu? Nikalinoa, nikalitia mpini, nikaondoka. Mama alipouliza kama liko tayari nilisema ndiyo.

Nilimrudishia mzee kile kichwa kilichotoka jino. Nilidhani atanifokea. Akauliza, "Mtoto ana miaka mingapi?"

"Minne."

Akanyamaza kwa muda. Kisha akanionyesha pale palipovunjika: punje kubwa zinang'aa kama sukari. "Ona. Hata moto wenyewe ulikuwa umezidi. Hii ingevunjika tu." Kwa hivyo makosa yalikuwa mawili, na lile la kwanza sikuwa hata nimelijua. Nikaenda kutafuta nyundo nyingine.

La pili lilinichukua Jumamosi nne. Zambarau ilipotembea kuelekea makali nilikuwa nimeshikilia pumzi kama mjinga. Kabla ya kulipeleka nyumbani nililipiga kwenye gogo la mgrevilea mara mia moja, nikihesabu, nikayakagua makali kwa kidole na kwa jua, nikapiga tena.

Mama alilipokea, akaligeuzageuza, akasema ni jepesi, ni zuri. Nikamweleza kwamba lile la kwanza lilivunjika kwa sababu sikulimaliza. Aliitikia kwa kichwa. Akasimamisha kuni. Halafu, kabla hajainua mkono, akamwambia mtoto aende akasimame kule mlangoni.