Barua kutoka Kigali: Mtu wa chupa moja



Chupa kubwa ya Primus hapa Rwanda ina sentilita 72. Mkenya aliyezoea Tusker ya nusu lita akiketi kwenye baa ya Nyarutarama, huagiza mbili kwa hesabu ileile aliyotoka nayo Nairobi, na akiinuka huamini amekunywa kwa kiasi. Lakini Tusker ina kilevi asilimia 4.2, Primus asilimia 5. Chupa mbili za Nairobi zina takriban gramu 33 za alkoholi tupu. Mbili za Kigali zinakaribia 57. Shirika la Afya Duniani linahesabu gramu 60 katika kikao kimoja kuwa ni unywaji wa kupindukia. Bwana wa "mbili tu" amebakiza mafunda machache kufika huko.

Mtanzania wa Safari Lager, yenye asilimia 5.5, hatofautiani naye sana. Chupa yake ya nyumbani nayo ni nusu lita, na kichwani mwake bado anahesabu chupa.

Nyarutarama, katika wilaya ya Gasabo, ni mtaa wa mabalozi, wa wenye nafasi zao na wa wageni wengi. Kuna uwanja wa gofu, kuna ziwa dogo, kuna nyumba za kupanga zilizojaa Wakenya, Waganda, Watanzania na Wakongo waliofuata kazi. Ijumaa jioni wanakutana mezani, na kinachowaunganisha ni Kiswahili na mishikaki ya mbuzi, ile ambayo Wanyarwanda huiita brochette, pamoja na ndizi za kuchoma. Mhudumu huja na chupa mkononi, huuliza kama mteja anataka ya baridi au ya moto, humwonyesha, kisha huifungua mbele ya macho yake. Ni adabu nzuri, kwani kila mtu ana hakika na anachokunywa. Lakini chupa iliyofunguliwa hairudi kauntani. Mwenye kutoa ofa akizungusha kidole hewani, meza ya watu watano inapata vizibo vitano chini, hata kama wawili walikwisha kusema inatosha.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii.

Asiyekunywa kabisa ana pa kujishika. Uamsho wa wokovu ulianzia Gahini, mashariki ya Rwanda hii hii, miaka ya 1930, ukavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, na tangu wakati huo mlokole akisema hanywi, meza nzima inaelewa na soda inaletwa bila mjadala. Mwislamu wa Biryogo, upande wa Nyamirambo, vivyo hivyo: chai yake haiulizwi maswali. Mnywaji mkubwa naye ana wenzake, tena ndio wenye sauti. Anayetaka moja na kuishia hapo ndiye asiye na chama. Kila meza humtaka ajieleze. Anaumwa? Kaishiwa? Shemeji kamkataza? Akisema "imenitosha, kaka," hujibiwa "acha utani, mletee mwenzetu." Ni uonevu mdogo unaofanywa kwa tabasamu, na umewanywesha watu wengi chupa ambazo hawakuzitaka.

Mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda na taasisi yake ya afya, RBC, zilianzisha kampeni iitwayo TunyweLess. Haikuwataka watu waache pombe, iliwataka wapunguze. Wapo waliodhani huo ni ulegevu, kwamba serikali ilipaswa kukemea moja kwa moja. Walikosea. Kwa mara ya kwanza mtu wa chupa moja alipata kitu cha kukitaja mezani bila kuonekana anaringa au anaumwa. Tena hakuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanaokunywa wameongezeka, kutoka asilimia 41.2 mwaka 2013 hadi 48.1, huku wanaokunywa kupita kiasi wakipungua kutoka 23.5 hadi 15.2. Takwimu hizo zilikusanywa kabla ya kampeni, kwa hiyo kampeni haiwezi kujivunia. Zinachoelekea kuonyesha ni kwamba watu wa kiasi walikwisha kuongezeka, ila walikuwa kimya.

Halafu Kigali ina mambo mengine yanayomsaidia mtu kushika neno lake. Septemba 2023 ilianza amri ya kufunga baa saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi, pamoja na katazo la kumuuzia aliyekwisha kulewa. Trafiki wenye kipimo cha pumzi husimama barabarani usiku, na dereva aliyezidisha huishia mahabusu kwa siku kadhaa, faini juu yake. Hofu hiyo imewapa kazi abasare, madereva wanaokodiwa kumrudisha mnywaji nyumbani ndani ya gari lake mwenyewe. Na kuna Jumapili. Tangu 2016 barabara kadhaa za jiji hufungwa kwa magari asubuhi, siku hizi mara mbili kwa mwezi; watu hukimbia, na wahudumu wa afya hupima shinikizo la damu na sukari bure. Mwili huondoa takriban gramu saba hadi kumi za alkoholi kwa saa. Sehemu ya zile gramu 57 za usiku wa manane inaweza kuwa bado imo damuni kunapopambazuka, wakati jirani anafunga kamba za raba zake.

Haifai kudanganyana, hata hivyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na saratani ndiyo sababu kubwa ya tamko hilo. Kunywa kidogo kunapunguza hatari, hakuiondoi. Asiyeanza hana sababu ya kuanza, na anayeendesha gari, mjamzito, au aliyewahi kushindwa kujizuia hana "kidogo" chake. Barua hii inamhusu yule mwingine, aliyeamua kunywa na anataka kubaki na akili yake.

Huko nyumbani, kamati za harusi za Dar es Salaam, Arusha na Mombasa huketi kupanga kreti kwa kila meza. Tafadhalini, ndugu zetu wa kamati, maji na soda vifike mezani kabla ya kreti na visiwe vya kuombwa. Waelezeni wahudumu wasifungue chupa ya pili mpaka mgeni aseme mwenyewe. Na mgeni aliyefunika glasi yake kwa kiganja msimuulize sababu.